Ploti ya Mtwapa isiuzwe: jibu kwa binti anayetaka digrii ya huduma ya upumuaji

Binti mmoja wa Kisauni ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha, lakini maneno ni yake:

"Shikamoo mama. Nilifanya KCSE mwaka 2023 nikapata B-, Bayolojia B na Kemia C+. Mdogo wangu wa miaka tisa ana pumu. Mwaka jana alilazwa ICU siku nne akipumuliwa na mashine, na tangu hapo nataka kusomea kazi ile ya kumshughulikia mtu na pumzi yake. Nimeona chuo cha Marekani kinachotoa digrii ya huduma ya upumuaji kwa mtandao, miezi 18 tu, unasoma ukiwa nyumbani. Mjomba wangu yuko Dammam, Saudia, anasema huko watu wa kazi hiyo wanatafutwa. Mama yuko tayari kuuza ploti ya marehemu baba iliyoko Mtwapa ili nilipe ada. Je, nijiunge?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyomfika mdogo wako, na alhamdulillahi ametoka mzima.

Nikujibu kabla mama hajampigia dalali simu: usijiunge na masomo hayo, na ploti isiuzwe. Fani yenyewe ni nzuri na imenilisha miaka 19 nikiwa muuguzi wa wagonjwa mahututi. Ila hicho ulichokiona mtandaoni hakikutungiwa mtu kama wewe.

Marekani kuna digrii mbili zinazotumia jina hilo moja. Ya kwanza ni ya mtu anayeanza. Anaingia hajui hata kumvalisha mgonjwa barakoa ya oksijeni, anasoma miaka minne, na katika miaka ya mwisho sehemu kubwa ya wakati wake iko wodini, ICU, chumba cha watoto njiti na maabara ya kupima mapafu, mwalimu akiwa nyuma ya bega lake. Hiyo haisomwi kwenye simu. Ya pili ni ya mtu ambaye tayari yumo kazini. Huko kwa miaka mingi mtu alisoma diploma ya miaka miwili, akafanya mtihani wa taifa, akapata leseni na kuanza kazi. Baadaye hospitali zikaanza kutaka digrii kwa wanaopandishwa cheo, na chama cha watu wa fani hiyo, American Association for Respiratory Care, kikawa kinasukuma digrii iwe ndiyo kiwango cha kuingilia. Vyuo navyo vikatunga masomo ya kumalizia digrii kwa watu wanaotoka zamu ya usiku: uongozi, utafiti, takwimu, ualimu. Ndiyo maana ni miezi 18. Ile miaka mingine yenye wagonjwa ndani yake, mwenzako alishaimaliza kabla hajafungua kompyuta.

Rudi kwenye lile tangazo ushuke hadi masharti ya kujiunga. Bila shaka utakuta wanataka uwe na RRT. Hicho ni cheti kinachotolewa na NBRC, bodi ya mitihani ya fani hii, na kuufikia mtihani wake sharti uwe umehitimu programu ya wanaoanza iliyoidhinishwa na CoARC, tume inayokagua vyuo. Majimbo yote ya Marekani isipokuwa Alaska yanadai leseni, na leseni inasimama juu ya mtihani huo. Kwa hiyo chuo chenye heshima zake kitakurudishia fomu. Kitakachokupokea bila RRT ndicho cha kukimbia, maana kitameza pesa ya ploti na kukupa karatasi isiyokufikisha kwenye mtihani wala kitandani kwa mgonjwa. Tena usidhani kujisajili mtandaoni kutakupa viza ya mwanafunzi. Viza ya F-1 inamtaka mtu darasani. Katika mzigo wa masomo wa muhula mzima, somo la mtandaoni linalohesabiwa ni moja tu.

Hilo lilikuwa swali lako. Kuna jingine hukuliuliza, nami naliona kubwa zaidi: ukisharudi na digrii ya namna hiyo, hapa Mombasa utaitwa nani?

Hapa kwetu kazi ya pumzi ipo tele, lakini cheo chake hakipo. Nenda Coast General, nenda hospitali yoyote ya kibinafsi kisiwani yenye ICU. Mashine ya kupumulia imepangwa na daktari wa nusukaputi au ofisa wa kliniki aliyesomea nusukaputi. Anayeketi nayo zamu nzima ya saa 12, akinyonya makohozi, akipunguza oksijeni kidogo kidogo, akisikiliza kifua, ni muuguzi. Anayekuja asubuhi kumgonga mgonjwa mgongo, kumfundisha kukohoa na kumkalisha kitandani ni mtu wa fiziotherapia. Mashine ikigoma anaitwa fundi wa vifaa vya tiba. Kazi moja, watu wanne, na karibu kila mmoja ana baraza lake linalomwandikisha: Nursing Council, Clinical Officers Council, Physiotherapy Council, na madaktari wana la kwao. Mtaalamu wa upumuaji peke yake, kwa jina hilo, hana kiti chake hapo. Commission for University Education inaweza kuitambua digrii yako ya nje, lakini kutambuliwa digrii na kupewa leseni ya kumgusa mgonjwa ni milango miwili, na wengi hugundua hivyo wakiwa wameshatua uwanja wa ndege wa Moi na mabegi yao.

Yule uliyemwona ameketi karibu na mdogo wako siku nne, karibu nina hakika alikuwa nesi.

Kwa nini Wamarekani wana fani kamili na sisi hatuna? Ni historia tu. Kwao ilianza na vijana waliokuwa wakisukuma mitungi ya oksijeni wodini. Mwaka 1947 wakaunda chama Chicago, wakaendelea kujisomesha na kujipimia mitihani hadi wakawa taaluma. Waingereza hawakupita njia hiyo. Kwao kazi ile iligawanywa kati ya wauguzi, watu wa fiziotherapia na madaktari wa nusukaputi, nasi tulirithi hospitali za Mwingereza pamoja na mgawanyo wake. Hata leo, ukienda Uingereza na digrii ya upumuaji ya Kimarekani, utapata taabu ileile ya jina. Kanada, Saudia, India na Ufilipino ndiko fani hii ilikoshika.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe, maana barua yako inasema "kumshughulikia mtu na pumzi yake", na maneno hayo yamenipendeza. Tuanze na pumu. Mtoto akibanwa, anapumua mbio. Kupumua mbio kunafukuza hewa chafu ya kaboni kutoka kwenye damu, kwa hiyo ukimpima gesi za damu ya ateri unatarajia kaboni iwe chini ya 35, ambapo ya kawaida ni 35 hadi 45. Saa mbili baadaye unampima tena, unakuta 40. Mtu asiyesoma atafurahi: namba imerudi mahali pake. Aliyesoma atavuta kiti karibu, amwite daktari na kuandaa mrija wa kooni. Mtoto yule bado amebanwa vilevile, ila amechoka. Misuli ya mbavu imeshindwa kuendelea na mbio, hewa chafu inaanza kujaa, na ile 40 ameipita akiwa njiani kwenda 60. Nadhani mdogo wako alipitia hapo. Kwenye karatasi namba ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyompeleka ICU.

Au chukua kengele. Mashine inalia usiku wa manane, taa nyekundu, shinikizo limepanda. Mgeni huikimbilia skrini na kuanza kubonyeza. Tunavyofundisha ni hivi: mtoe mgonjwa kwenye mashine, shika mfuko wa kupumulia kwa mkono, mpulizie wewe mwenyewe. Mfuko ukiingia laini, kifua kikapanda, tatizo liko kwenye mashine au mipira yake. Mgonjwa hana neno, tafuta mpira uliojikunja au uliojaa maji. Mfuko ukiwa mgumu kama unapuliza chupa iliyozibwa, tatizo liko kwa mgonjwa: mrija umezama upande mmoja, au makohozi yameuziba, au hewa imetoroka nje ya pafu na kulibana. Kila moja lina dalili yake na dawa yake, na una dakika chache za kuzitenga. Mkono ndio unaokupa jibu la kwanza.

Na fani nzima ya wagonjwa mahututi ilizaliwa kwenye mkono huo. Mwaka 1952 Copenhagen ilipatwa na mlipuko wa polio. Katika hospitali ya Blegdam, wagonjwa 31 wa mwanzo waliopooza upumuaji waliwekwa kwenye mashine za zama hizo, na 27 wakafa. Tarehe 27 Agosti daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, aliagiza msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho atobolewe njia ya hewa shingoni, akaunganisha mfuko, akampulizia kwa mkono. Akaishi. Mashine za kufanya hivyo kwa wote hazikuwepo, basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari na wa meno, wapatao 1,500, wakapokezana zamu kuminya mifuko usiku na mchana kwa miezi. Mwanafunzi anaketi kichwani pa mgonjwa, anaminya, anaachia, anaminya. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka wanaponiambia bila mashine mpya haiwezekani kitu.

Nikwambie na kosa langu, hospitali nisiitaje. Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Usiku alikuja mama mmoja, mapafu yameharibika kwa nimonia, mnene, kilo 95. Nilijua kanuni: mililita sita za hewa kwa kila kilo. Nikapiga hesabu, 570, nikaiweka mashine hapo na kujiona hodari. Alfajiri daktari wa nusukaputi alifika, akatazama skrini, hakusema kitu. Akaomba utepe wa fundi cherehani. Akampima yule mama kutoka utosini hadi kisigino: sentimita 160. Ndipo akanigeukia: "Mapafu yananenepa?" Kilo zinazohesabiwa ni zile za kimo. Kwa mwanamke unaanza na 45.5, kisha unaongeza 0.91 kwa kila sentimita inayozidi 152.4, mama wa sentimita 160 anapata kilo 52 na kidogo. Mara sita, ni mililita 314. Nilikuwa nampulizia karibu mara mbili ya haki yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2000 ulilinganisha mililita 6 na 12 kwa wagonjwa wa namna hiyo: vifo vilikuwa 31% upande mmoja na karibu 40% upande wa pili, na tofauti ilikuwa ni kupulizia kidogo. Yule mama aliishi. Tangu siku hiyo utepe hautoki mfukoni mwangu, na wenzangu wananiita fundi.

Kwa hiyo nilipoona umenitajia Bayolojia na Kemia ukaacha Hisabati na Fizikia, nilitabasamu. Kazi hii ni hesabu mtindo mmoja. Hesabu zenyewe si ngumu, lakini huzifanya usiku, umechoka, na ndugu wa mgonjwa wanalia mlangoni. Chukua ambulensi iliyotoka Msambweni, enzi hizo barabara ya Dongo Kundu haijafunguliwa, imefika Likoni. Ambulensi hupewa njia, lakini feri ikiwa ng'ambo ya pili hakuna king'ora kinachoirudisha. Ndani kuna mtungi wa ujazo wa lita 5, geji inasoma bar 80, na mgonjwa anatumia lita 10 kwa dakika. Tano mara themanini ni lita 400. Una dakika 40, na ukiacha akiba kama inavyotakiwa, hesabu 30. Utavuka, utapita mjini, utafika? Anayeketi nyuma ya ambulensi sharti awe ameshajua jibu kabla ya kuondoka Msambweni, wala asingoje kujua pale jeti ya feri akitazama maji.

Kuna na mambo hutayakuta kwenye somo lolote la Kimarekani. Bibi harusi aliyetiwa piko nyeusi hadi kwenye kucha analetwa ana homa ya mapafu, kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni hakisomi kitu. Rangi ile inaziba mwanga wake. Tumia kile cha kubana ndewe ya sikio. Tena hivyo vifaa vina tabia ya kumpa mtu mweusi namba nzuri kuliko ukweli wake. Mwaka 2020 hilo lilionyeshwa waziwazi kwa wagonjwa wa Marekani. Mgonjwa wako akihema na kifaa hicho kikisema 93, mwamini mgonjwa.

Ukiwa umesoma hadi hapa hujachoka, basi kazi hii ni yako. Swali ni mlango upi.

Ningekuwa mama yako ningekupeleka uuguzi. Kwa B- unakidhi kiwango cha digrii, ambacho kinaanzia C+, japo ushindani ni mkali na wataangalia pia Hisabati au Fizikia na lugha. Chuo Kikuu cha Pwani, hapo Kilifi, kina digrii ya uuguzi: miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Ukikosa hapo kuna diploma ya miaka mitatu KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na kampasi ya Mombasa iko hatua chache kutoka Coast General, yaani unaamka unaingia wodini. Maombi ya digrii na ya KMTC siku hizi yote yanapitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, na kwa chuo cha umma unaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ukafanya kazi ile mliyotaka ploti ya Mtwapa iifanye. Ukishasajiliwa na kufanya kazi wodini kwa muda, unarudi kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi. Hapo ndipo utakutana na mashine, gesi za damu, kunyonya makohozi, kumwachisha mgonjwa mashine, yote uliyoyataka, na Nursing Council inakuandikisha kwa jina linalojulikana.

Jina linalojulikana lina faida nyingine ambayo watu hawaioni mapema. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina orodha fupi ya kazi ambazo mwajiri hahitaji kuthibitisha kwanza kwamba amemkosa Mmarekani. Wauguzi wamo, na watu wa fiziotherapia wamo. Wataalamu wa upumuaji hawamo. Uingereza nayo ilitia saini makubaliano na Kenya kuhusu wauguzi mwaka 2021. Kwa hiyo hata kama ndoto ni ng'ambo, uuguzi una barabara ya lami.

Mlango wa pili ni uofisa wa kliniki kisha diploma ya juu ya nusukaputi. Hao ndio mabingwa wa njia ya hewa katika hospitali nyingi za kaunti, na hawatoshi. Lakini ujue utakuwa mtu wa chumba cha upasuaji kwanza, ICU baadaye. Fiziotherapia pia ni mlango, ila wodini mapafu yatakuwa sehemu tu ya kazi. Siku nyingi utakuwa na magoti, migongo na watu waliopatwa na kiharusi. Kama hayo hayakuvutii, usiingie kwa ujanja wa kungoja mapafu.

Mlango wa nne ni kuisoma fani yenyewe, kwa jina lake, ana kwa ana. Hapo sikukatazi, nakutahadharisha tu. India wanaisomesha vizuri; Manipal, katika jimbo la Karnataka, ni mahali panapojulikana, miaka minne pamoja na mwaka wa mafunzo ya hospitali. Digrii ya India peke yake haitakufungulia mtihani wa Marekani, uelewe hilo mapema. Ghuba ndiko wanakoitumia. Saudia, mwenye digrii anaainishwa kama mtaalamu na mwenye diploma kama fundi, na mshahara unafuata uainishaji huo. Anayeainisha ni kamisheni yao ya taaluma za afya, SCFHS. Vyeti vyako vitahakikiwa na DataFlow, ambao huwaandikia chuo chako moja kwa moja wakiuliza kama kweli ulisoma na ulisoma nini; kisha unafanya mtihani, na mara nyingi unaulizwa uzoefu wa kazi. Sasa fikiria: uzoefu huo ungeupatia wapi, na Kenya haina cheo hicho? Ungelazimika kubaki India au kutafuta nchi ya tatu. Familia yenye akiba yake na ndugu wa kukupokea inaweza kulibeba hilo. Familia inayouza ploti ya marehemu itakuwa imeweka yai lake la mwisho kwenye kapu la mtu mwingine.

Kuhusu mjomba, kwa heshima zake zote: muulize kazi hiyo ameiona wapi. Dammam penyewe pana Chuo Kikuu cha Imam Abdulrahman Bin Faisal, kinachosomesha wataalamu wa upumuaji wa Kisaudi kila mwaka, na nchi inawapa wenyeji kipaumbele cha ajira. Huenda habari zake ni za miaka kumi iliyopita, huenda ni za kweli kabisa. Mwombe akutumie tangazo moja halisi la kazi, la mwaka huu, nalo mlisome pamoja na mama: wanataka digrii ya miaka mingapi, uzoefu wa miaka mingapi, uainishaji upi. Akikwambia kuna wakala hapa mjini atakayeshughulikia kila kitu, kabla ya senti ya kwanza hakikisha wakala huyo ameandikishwa na National Employment Authority. Mashauri ya mawakala nimeyasikia mengi mno kwenye korido za hospitali, kutoka kwa mabinti waliorudi.

Wiki hii fanya mawili. Ingia kwenye tovuti ya CoARC, tafuta kile chuo ulichokiona, uone kimeorodheshwa kama programu ya wanaoanza au ya kumalizia digrii. Ni dakika tano, na mama aone kwa macho yake, isiwe ni maneno yangu tu. Kisha nenda KMTC na karatasi yako ya matokeo, usipige simu, nenda, uulize ofisi ya usajili kuhusu uuguzi. Ukiwa pale mwombe mwanafunzi yeyote wa mwaka wa tatu akueleze siku yake ya jana ilivyokwenda kuanzia alfajiri. Ukipenda kuona wodi, ruhusa huombwa kwa barua kwa msimamizi wa wauguzi. Usipenyezwe na mtu anayejuana na mlinzi.

Na huyo mdogo wako. Umeniandikia mistari mingi juu yake lakini hukunambia anatumia dawa gani. Kama anapuliza pampu moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inaishia kooni. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kufutwa. Toboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu la umbo la mdomo wa pampu, ishike vizuri isivuje. Pampu inaingia kitakoni, yeye anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Puliza mara moja, avute pumzi taratibu mara tano au sita, ndipo upulize tena. Madaktari wa Cape Town walilijaribu hilo kwa watoto na kulichapisha mwaka 1999. Chupa ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani. Msimwambie kwamba pampu inazoeleka, hayo ni maneno ya mitaani na yameua watoto.

Kisha nipigie picha hizo pampu zake. Kama ana ya buluu peke yake, ile ya kutuliza, na hana ya steroidi ya kutumia kila siku hata akiwa mzima, basi mtoto aliyetoka ICU anaishi bila kinga. Mpeleke kliniki ya kifua kesho asubuhi, na KMTC uende baada ya hapo.